Siku Tisa Bila Sauti ya Eldiyar

Saikal hakutoka nyumbani kutafuta mpenzi. Alitoka kuchapisha karatasi.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, saa sita mchana, na printa pekee iliyokuwa nzima mtaa ule wa Bishkek ilikuwa kwenye klabu ya kompyuta ya Dada Burul, ngazi kumi na mbili chini ya jengo la ghorofa. Saikal alikuwa fundi cherehani, miaka ishirini na sita, na mteja wake wa Almaty alikuwa amemtumia mchoro wa gauni la kukata. Alivaa koti la kijani alilolishona mwenyewe na kitambaa cha manjano shingoni. Alipofungua mlango alipokewa na joto la mashine, harufu ya sambusa za nyama, na kelele za vijana waliokuwa wakipigana vita bila kuinuka vitini.

"Dada! We dada wa koti la kijani!"

Akageuka. Kijana mrefu, mwembamba, hedifoni zikining'inia shingoni, alisimama katikati ya viti kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Sweta lake la kijivu lilikuwa limeshonwa kiwikoni kwa uzi mweusi, tena vibaya.

"Unaniita mimi?"

"Ndiyo, samahani. Unajua kucheza?"

"Kucheza nini?"

"Basi hujui. Si kitu. Kaa tu hapa. Mwenzetu wa tano jino linamuuma, amekimbilia kwa daktari. Tukiwa wanne tunahesabiwa tumeshindwa kabla hatujaanza."

"Kaka, mimi nimekuja kuchapisha mchoro."

"Dada Burul atakuchapishia. Dakika arobaini tu, nakuomba, dada yangu. Usifanye lolote. Kaa upumue."

Jamaa mmoja mnene aliyekuwa akimenya mbegu za alizeti kwa meno akacheka. Huyo ni Nurdin. "Eldiyar, hata kupumua mfundishe. Humu ndani hewa yenyewe ya kugombania."

Saikal hakuelewa kilichomkalisha. Labda ni ule uzi mweusi. Alikaa, Eldiyar akamvika hedifoni taratibu asiziharibu nywele zake, na mbele yake pakafunguka msitu, mto ukiukata katikati, njia tatu zikielekea kwenye ngome ya maadui.

"Chagua shujaa," Eldiyar alisema.

"Wako mia! Nitamjuaje wangu?"

"Mchukue huyu babu mwenye taa. Anaponya wenzake. Kazi yako ni kunilinda mimi. Mwanzoni mimi ni dhaifu, kila mtu ananipiga. Nikishakua, nitawabeba nyote."

"Kwa hiyo mimi ni mama yako."

"Kwa dakika ishirini za mwanzo, ndiyo."

Saikal akaanza. Akawapiga askari wadogo wa adui kwa bidii, mpaka Eldiyar akaguna. "Dada, wale niachie mimi niwamalize. Anayewamaliza ndiye anayekua. Sasa unakua wewe, babu wa watu, na mimi nadumaa."

"Ungesema mapema! Na huu mnara mzuri je, nipumzike hapa?"

"Huo ni wa adui! Toka! Toka!"

Alikuwa ameshakufa. Alikufa mara kumi na saba siku ile. Wakashindwa, na Saikal akavua hedifoni uso ukimwaka, akingoja lawama. Eldiyar akawageukia wenzake. "Ule mnara wa kwanza ni mimi niliyeuachia," alisema. "Nilikwenda mtoni bila sababu. Kosa ni langu."

Haikuwa kweli, na wote walijua. Hakuna aliyembishia. Nurdin alimsogezea Saikal sambusa ya mwisho, na Dada Burul akamletea mchoro wake umekunjwa vizuri ndani ya karatasi safi. Saikal alikwenda nyumbani akiifikiria ile "Kosa ni langu" kuliko alivyolifikiria gauni la mteja.

Jioni simu ikalia.

"Babu wa taa hajambo?"

"Nani amekupa namba yangu?"

"Wewe. Umeiandika kwa Dada Burul ukichapisha. Nimemsihi mpaka amechoka. Jino la mwenzetu limeng'olewa, lakini tumekubaliana tunakutaka wewe."

"Mimi? Niliyekufa mara kumi na saba?"

"Kumi na nane. Ile moja ulikufa tukiwa tumeshamaliza."

Alicheka mpaka mama yake, Mama Kalys, akachungulia kutoka jikoni.

Basi ikawa hivyo. Mchana Eldiyar alitengeneza lifti za majengo ya watu, Saikal alishona kola, na saa moja jioni kila mmoja alikaa nyumbani kwake, wakakutana msituni. Saikal aliweka kompyuta kuukuu juu ya meza ya kulia, kando ya bakuli la kuki. Akajifunza kumficha Eldiyar gizani, kumponya, na kukaa karibu na mnara wao hata akiona raha kule kwingine. Hilo Eldiyar alimkazania sana. "Usiuache mnara, Saikal. Hata nikipiga kelele. Wageni wote hufa kwa kukimbilia kelele." Jumapili walitembea bustanini, Saikal akamfungua ule uzi mweusi na kumshonea upya wakiwa wamekaa kwenye benchi, sweta likiwa bado mwilini mwake. "Ukinichoma sindano nitalia," Eldiyar alisema. "Lia, mtoto wangu," alijibiwa, "ulilelewa vizuri."

Mwishoni mwa Mei, Jumatano, Eldiyar alimpigia, sauti yake ikiwa si ile ya kila siku.

"Kesho tukicheza nitakuuliza jambo."

"Niulize sasa."

"Siwezi. Kwa jambo kama hili, kwenye simu ulimi wangu huwa mzito. Kule mchezoni mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Usinicheke lakini."

"Nani anacheka?"

Msichana wa miaka ishirini na sita hahitaji kuelezwa swali la namna hiyo. Alhamisi Saikal aliosha nywele, akavaa blauzi ya bluu yenye vifungo vya lulu ingawa hakuna ambaye angemwona, akakaa mbele ya kompyuta.

Na jioni hiyo hiyo, Mama Kalys akaamua kusaga nyama. Mashine ikanguruma, hedifoni zikazidiwa. Eldiyar alikuwa akimwambia kitu na Saikal hakusikia vizuri. Akatafuta pa kuongeza sauti, akaona kispika kidogo kando ya jina la Eldiyar, akakibonyeza. Mstari mwekundu ukakikata. Akadhani ndiyo kimewaka.

Alichokuwa amefanya ni kumfunga mdomo Eldiyar, asimsikie tena.

Akangoja swali. Nyama ikaisha kusagwa, nyumba ikatulia, swali halikuja. Alichokiona ni shujaa wa Eldiyar akiacha vita, akishuka mpaka mtoni, akisimama pale peke yake kwenye maji. Wenzao watatu nao wakasimama walipo. Anafanya nini? Mtandao umekatika? Saikal alitaka kumfuata, akakumbuka alivyofundishwa, akabaki kwenye mnara kama askari mwema. Dakika nzima ikapita. Maadui wakaja, wakamuua Eldiyar pale pale mtoni wala hakuinua upanga. Kisha jina lake likazimika.

Kesho yake Eldiyar alipiga simu.

"Saikal. Jana ulibaki pale kwenye mnara."

Anaanza na mchezo ili apate ujasiri, Saikal aliwaza. "Nilibaki, ndiyo."

"Hukuchanganyikiwa? Ulibaki kwa kutaka?"

"Kwa kutaka kabisa. Nilifikiria kukufuata, halafu nikaona hapana, pangu ni pale. Si nimefanya vizuri?"

 Upande wa pili palisikika mlio wa chuma, kama mtu ameangusha spana.

"Umefanya vizuri," Eldiyar alisema mwishowe. "Ni heri kuonyesha wazi. Nakushukuru, Saikal."

"Na lile swali?"

"Saikal, tafadhali. Usinitanie kwa hilo." Akakata.

Saikal alikaa na simu mkononi, haelewi mbele wala nyuma. Amtanie kwa lipi? Jioni Eldiyar hakuonekana msituni, wala jioni iliyofuata. Nurdin alisema Eldiyar, kapteni wao, ana kazi nyingi. Saikal alipompigia, simu haikupokelewa; alipomwandikia, jibu lilikuwa, "Niko salama. Ubaki salama na wewe." Akajiuliza labda amechoka kumbeba mtu asiyejua kucheza. Basi akaanza kufanya mazoezi peke yake dhidi ya kompyuta, asubuhi kabla ya kushona, machozi yakimpofusha, babu wa taa akifa na kufufuka, kufa na kufufuka.

"Mwanangu, huo mchezo unakuliza," Mama Kalys alisema, akimwekea chai ya maziwa. Hakuuliza zaidi. Alikaa tu karibu naye akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Jumamosi ya pili, siku ya tisa, Saikal alishuka zile ngazi kumi na mbili. Dada Burul alimpa kiti cha pembeni, naye akafungua mchezo. Nurdin akaja kumsalimia, akaegemea kiti chake, mbegu za alizeti mdomoni, na macho yake yakaangukia orodha ya marafiki kwenye kioo.

"We dada. Mbona umemfunga kapteni?"

"Nimemfunga nani?"

"Eldiyar. Huoni mstari mwekundu? Humsikii huyu. Tangu lini?"

"Nilibonyeza Alhamisi ile, mama akisaga nyama. Nilitaka sauti yake iwe kubwa..."

Nurdin akaacha kutafuna. 

"Alhamisi ile? Mwanzoni?"

"Ndiyo. Kwani kuna nini?"

"Aliongea, Saikal. Alituomba tunyamaze, tukanyamaza. Aliongea muda mrefu, yule mtu ambaye neno la moyoni humletea kigugumizi. Akasema kama umekubali umfuate mtoni, kama hutaki ubaki kwenye mnara, wala asingekulaumu."

"Kukubali nini?"

"Hayo si ya kusema mimi. Nikiyasema nitayaharibu. Ilikuwa habari ya mama yake na hereni."

Saikal akashika meza. Kwao hakuna asiyejua: mama wa kijana akija akamvika binti hereni, binti ameposwa. Watu watatu walikuwa wamesikia kila neno, wakamwona akibaki kwenye mnara kama jiwe, na kwa siku tisa hakuna hata mmoja aliyemsema Eldiyar wala kumnunia yeye.

"Yuko wapi?"

"Jengo la saba, nyuma ya soko. Lifti mbovu. Ghorofa ya tisa."

Lifti ilikuwa mbovu kweli, kwa hiyo alipanda ngazi. Alifika juu koti mkononi, kitambaa kimelegea, pumzi hana. Eldiyar alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti uliofunguliwa, mikono imejaa grisi. Kando yake bibi mmoja alikaa kwenye kigoda na tikiti maji mapajani, akingoja kushuka.

"Saikal? Umefikaje huku?"

"Sikukusikia!"

"Hata sijaongea."

"Alhamisi! Nilikufunga mdomo. Kwa bahati mbaya. Nilidhani kile kispika ni cha kuongeza sauti."

Eldiyar alimtazama kama anayesikiliza lugha ya ng'ambo. "Ulinifunga mdomo. Kabla ya... kabla ya mtoni?"

"Kabla."

"Lakini kwenye simu ulisema ulibaki kwa kutaka!"

"Nilikuwa nasema mchezo! Si wewe uliyenifundisha nisiuache mnara?"

"Na nikasimama kule nikauawa..."

"Nilidhani mtandao umekatika!"

"Mimi sielewi kitu," bibi wa tikiti alisema, "ila kijana, chochote ulichosema, kiseme tena. Nimealikwa saa nane."

Eldiyar akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akajifuta grisi shavuni, ikaenea zaidi. "Saikal, mimi... mama yangu anazo... ni kwamba nilitaka..." Akakwama kabisa. Mwishowe akatoa simu, akapiga, akampa Saikal ikiwa na alama za vidole vyeusi.

"Mwanangu?" Sauti ya mwanamke, ya upole, yenye hofu. "Siku zote hizi najiuliza tumekukosea nini. Ulisema hapana?"

"Sikusema, mama. Sikulisikia swali."

"Na sasa umelisikia?"

Saikal alimtazama Eldiyar. "Bado, mama. Limemkwama."

"Masikini, ni baba yake mtupu. Basi nakuuliza mimi. Nije na hereni?"

"Njoo, mama," Saikal alisema.

"Nije kesho Jumapili?"

"Njoo kesho."

"Hapana," sauti ikasema ghafla. "Kesho ni mbali. Nyinyi wawili kabla ya kesho mtakuwa mmeshapotezana mara tatu. Nakuja leo. Niambie nyumba."

Bibi wa tikiti akapiga makofi. Eldiyar akacheka na kulia kwa pamoja, akitaka kumkumbatia na akiogopa kulichafua koti, mpaka Saikal akamvuta mwenyewe. "Litafuliwa," alisema.

Mama yake Eldiyar alifika saa kumi, na dada zake wawili, skafu nyeupe ya posa mkononi. Saikal alikuwa ametangulia dakika tano tu, na alivyoeleza mbio mbio hakuna kilichoeleweka. Mama Kalys alifungua mlango unga umemjaa mpaka viwiko, akawaona wanawake watatu waliovaa vizuri, akashtuka.

"Karibuni, jamani. Kuna msiba?"

"Hakuna, ndugu yangu. Kuna hereni."

Mama Kalys alimtazama mwanawe, aliyekuwa mwekundu kama nyanya, akasahau unga wake, akawakumbatia wote mmoja mmoja, mpaka nguo zao nzuri zikawa na alama nyeupe za mikono. Eldiyar aliachwa nje, kama desturi, akizunguka uani chini ya dirisha.

Saikal aliketishwa. Hereni zilikuwa za fedha, kubwa kiasi, zilizovaliwa na wanawake wawili kabla yake. Ya kushoto iliingia. Ya kulia iligoma; tundu lilikuwa limeanza kuziba. Mama yake Eldiyar alijaribu, akasita, akajaribu tena.

"Inauma, mwanangu?"

"Haiumi, mama," Saikal alisema.

Iliuma kidogo. Akasogeza kichwa karibu zaidi, ili mama apate mwanga wa dirisha.