Gego la Sabuni

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Chiriku alipanda juu ya stuli, akaitoa saa ya ukutani kwenye msumari wake, akaifuta vumbi kwa kiwiko, kisha akakaa nayo mapajani nyuma ya kiti cha dada yake. Alikohoa kidogo, kama wanavyokohoa wasimamizi wa mitihani, akasema, "Mtahiniwa, unaweza kuanza."

Jina lake halisi lilikaa kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani alikuwa Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla hajatembea, na tangu hapo, kwa maelezo ya bibi yake, hajameza hata mate. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kukaa saa moja na nusu bila kufungua mdomo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa, lakini aliikubali kwa sababu ya Dada.

Dada alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno. Sehemu ya kwanza, maswali ya biolojia na kemia, haikumnyima usingizi. Hayo aliyajibu hata akiwa anapiga pasi. Kilichomtoa jasho ni sehemu ya pili, ya mikono. Daktari wa meno hufanya kazi mahali pembamba, penye giza, tena penye ulimi usiotulia, kwa hiyo chuo kinataka kujua mapema kama vidole vyako vinakusikia. Unapewa kipande cha sabuni, kisu kidogo na rula. Unaambiwa uchonge gego, lile jino kubwa la nyuma la kutafunia, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi: vilima vinne juu, mizizi miwili chini, na kila upande una milimita zake. Muda ni dakika tisini. Kengele ikilia, visu chini.

Mwaka uliotangulia kengele ililia Dada akiwa na gego lenye mzizi mmoja. Wa pili ulikuwa bado umelala ndani ya sabuni. Na chuo hicho kilimruhusu mtu kujaribu mara mbili tu.

Kwa hiyo nyumba nzima iliingia kwenye maandalizi. Mama, ambaye alikuwa fundi wa nguo na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake, alinunua miche ya sabuni ya kufulia na kuikata vipande kwa uzi. Redio yake, ambayo kwa kawaida iliongea tangu asubuhi kushindana na cherehani, aliizima kila alasiri ili Dada apate utulivu. Mabaki ya sabuni hayakutupwa. Yalifua mashuka, mapazia, matambara ya jikoni, hata begi la shule la Chiriku, ambalo lilibadilika na kurudia rangi yake ya dukani. Bibi alisema hajawahi kuishi na watu wanaonukia namna hii. Bibi alikuwa amebakiwa na meno manne, akayaita kamati, na kila jioni alimhimiza Dada afaulu haraka, kabla kamati haijavunjika.

Tatizo ni kwamba Dada akiiona saa, mikono yake ilitetemeka. Ndiyo maana Chiriku akapewa cheo cha kushika saa. Alikaa nyuma, na kila robo saa ilipopita alisema, "Robo," kwa sauti ya taratibu.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Siku nne mfululizo Chiriku alisema "Visu chini" na kila mara gego lilikuwa nusu jino, nusu sabuni. Siku ya nne ilimshinda Dada. Alikiweka kisu mezani, akalaza kichwa juu ya makombo ya sabuni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alipoinua uso, shavu moja lilikuwa na povu.

Siku nyingine Chiriku angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo alitaka kulia.

Kesho yake, Dada alipoinama kuchonga kilima cha tatu, Chiriku aligusa kitufe cha nyuma ya saa. Alikizungusha kidogo tu. Mshale mrefu ukarudi nyuma dakika tano. Hakuna aliyeona. Siku hiyo Dada alikaribia kumaliza, akalala akiwa na tabasamu. Siku iliyofuata Chiriku alirudisha dakika kumi. Siku ya tatu, kumi na tano, na Dada akamaliza gego lote, mizizi yote miwili, kabla ya muda kwisha. Alimbeba mdogo wake, akamzungusha chumbani mpaka stuli ikaanguka. Na kila mara, kabla ya kuirudisha saa ukutani, Chiriku aliisogeza mbele kimyakimya, ikasema ukweli tena.

Alijiambia kwamba hajamdhuru mtu. Amempa Dada moyo, basi. Isitoshe, furaha imerudi mezani, na Mama ameanza tena kuimba anapotia uzi kwenye sindano. Ni Bibi peke yake aliyelalamika. "Siku hizi jua linazama upesi," alisema akichungulia dirishani. "Sijui lina haraka ya kwenda wapi."

Chiriku akajifanya anatafuta kiatu.

Ilipobaki siku kumi, Mama alisahau kuzima redio. Dada alikuwa analainisha mzizi wa pili, na saa mapajani mwa Chiriku ilisema saa kumi na moja kasorobo. Mara, kupitia ukuta, ikasikika milio ya saa, na mtangazaji akasema ni saa kumi na moja kamili, hii hapa taarifa ya habari.

Dada aliinua kichwa. "Saa kumi na moja tayari?"

"Redio ya Mama inawahi," alisema Chiriku.

Bibi, aliyekuwa kwenye mkeka anachambua mchele, aliacha mkono hewani. Alisema ameishi miaka sabini na minne, amesikia redio inakoroma, amesikia redio inanyamaza, ila redio inayowahi taarifa ya habari hiyo ndiyo ya kwanza. Dada alicheka akarudi kwenye gego lake. Bibi hakucheka. Alimtazama tu Chiriku, kisha akaendelea na mchele.

Usiku huo Chiriku hakuongea, na nyumba nzima ikadhani ana homa.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Dada alitoa tangazo. Zimebaki siku tisa, alisema, na sasa anaweza kuchonga. Kwa hiyo kuanzia leo anaacha sabuni na kurudia kemia tu. Vipande vilivyobaki Mama avichukue vya kufulia. Alizikusanya sabuni kwenye beseni, akamkabidhi Chiriku azipeleke karakana.

Chiriku aliziona zile sabuni nzito kama mawe. Akazibeba mpaka mlangoni kwa Mama, akasimama, kwa sababu kulikuwa na mteja anapimwa.

Mteja mwenyewe alikuwa mama muuza maua wa mtaa wa pili, mtu mnene na mcheshi, anashonewa gauni la harusi ya binti yake. Kila utepe ulipofika kiunoni alivuta tumbo ndani na kubana pumzi, macho yamemtoka. Mama alisubiri. Mteja akaishiwa pumzi, tumbo likarudi mahali pake.

"Fundi, niandikie kidogo basi," alisema. "Hata kama si kweli. Nifurahi tu."

Mama alicheka, akauzungusha utepe upya bila kuukaza. "Nikikuandikia ya kukufurahisha leo, dada yangu, siku ya harusi utavaa nini? Utepe?"

Muuza maua alicheka mpaka akakaa. Chiriku hakucheka. Alibaki pale mlangoni na beseni lake, na ghafla akaiona siku ya mtihani kama anaitazama dirishani: Dada ameinama, ametulia, anajua ana muda mwingi, na kengele inalia mzizi wa pili ukiwa bado ndani ya sabuni. Na safari hii hakuna mwaka kesho.

Aligeuka na beseni lile lile, akarudi.

"Dada," alisema, "hujawahi kumaliza ndani ya dakika tisini."

Dada hakuelewa. Chiriku akaeleza yote: kitufe cha nyuma, dakika tano, kumi, kumi na tano, na redio iliyosingiziwa. Aliongea haraka, akachanganya siku, akarudi nyuma, akaanza tena. Alipomaliza hakubaki na neno hata moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Dada alikuwa amesimama, kitabu cha kemia mkononi. "Nilikuwa ninakuamini wewe kuliko saa yenyewe," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimchoma Chiriku zaidi ya kofi. Kisha akachukua kipande cha sabuni, akaomba simu ya Mama, akaitegesha mbele ya macho yake, na akaanza kuchonga huku mikono inatetemeka. Mama na Bibi waliposikia habari walikuja wakakaa kutazama. Dada alipoweka kisu chini, simu ilisoma dakika mia moja na saba.

Mama alimwambia Chiriku kwamba watazungumza, ila si sasa, sasa kuna dakika kumi na saba za kutafutwa. Akamuuliza Dada zinapotelea wapi. Dada hakujua.

"Kwenye rula," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

Wote wakageuka. Alieleza kwamba mtu akikatazwa kuongea saa moja na nusu, lazima ahesabu kitu, na yeye alihesabu rula. Dada akikata kidogo anapima. Akigeuza sabuni anapima. Akipuliza unga anapima. Jana aliishika rula mara sitini na moja.

Mama alimtazama binti yake mkubwa kama anatazama mwanafunzi wa ushonaji. Akatoa chaki bapa ya fundi mfukoni mwa aproni. Alisema hakuna fundi anayekata kitambaa inchi moja, akapima, akakata nyingine. Atamaliza nguo mvaaji akiwa kikongwe. Fundi anapima mara moja, anachora mistari yote, pande zote, halafu mkasi unafuata mistari. Akachukua sabuni na, kwa kuwa chaki haishiki juu yake, akaichora kwa ncha ya kisu, mbele, nyuma, ubavuni na juu, mpaka gego zima likaonekana kwa mistari kabla hata kisu hakijakata kitu. "Sasa rula ipumzike," alisema.

Siku ile ile Dada alirudia. Aliharibu moja, akarudia nyingine. Kesho yake ilikuwa dakika mia moja na mbili, keshokutwa tisini na tisa. Safari hii saa iliwekwa mezani mbele yake, atetemeke asitetemeke, na Chiriku alikaa pembeni bila kugusa kitu, mikono ameikalia. Aliporudi tu kutoka shuleni alikata sabuni, akanoa kisu, akafagia makombo. Siku tatu za mwanzo Dada alimjibu kwa kichwa tu. Siku ya nne, dakika zilipofika tisini na nne, alimwambia, "Chiriku, unapumua kwa kelele." Chiriku alifurahi kana kwamba amepewa zawadi. Zilipobaki siku mbili, Dada aliweka kisu chini kwenye dakika ya themanini na nane, na mikono yake ilikuwa imeshaizoea saa.

Siku ya mtihani alirudi nyumbani jioni na unga wa sabuni kwenye nyusi. Walimzunguka. Alisema alimaliza dakika mbili kabla ya kengele, na hizo mbili alizitumia kulipuliza gego lake vumbi. Jirani yake wa meza alikuwa anapima, anakata, anapima. Dada alitamani sana kumwazima jirani huyo fundi wake, Mama.

Wiki tatu baadaye ujumbe uliingia kwenye simu wakati Mama anapiga pindo. Dada amechaguliwa. Cherehani ilisimama, redio ikafunguliwa mpaka mwisho, na muuza maua, aliyekuja kuchukua gauni lake, alicheza nalo mwilini bila mshono hata mmoja kufumuka.

Shamrashamra zilipotulia, Mama alimwita Chiriku, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Yale mazungumzo aliyoahidi hakuyasahau.

"Ulirudisha saa kwa sababu ulimpenda dada yako," alisema. "Hilo nalijua. Lakini ulimpa furaha ya alasiri tisa na nusura umnyang'anye ya maisha. Ukimpenda mtu, mwambie kipimo chake cha kweli, hata kama kitamliza, halafu kaa naye mshone pamoja. Siku uliyokiri ndiyo siku uliyomsaidia. Ungenyamaza, leo tungekuwa tunalia wote, na hata chaki yangu isingefaa kitu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akauliza kama anaweza kusema kitu kimoja. Bibi akasema kimoja tu, kikizidi alipe faini.

Lakini Dada alimkatiza kutoka chumbani, ambako alikuwa anavaa ili aende kwenye sherehe ndogo na rafiki zake. "Chiriku, hebu nitazamie, ni saa ngapi?"

Chiriku alisogea mlangoni, akaitazama saa ukutani, kisha akamtazama Dada aliyekuwa ametokeza.

"Saa kumi na dakika saba," alijibu. "Umechelewa, na hiyo sketi umeivaa nyuma mbele."