Bibi Freha Amkomoa Mwanawe

Kila Ijumaa, akitoka shule, Reut alipitia sokoni Ashdod, huko Israeli, kununua giligilani na mikate miwili ya Sabato, kisha akapanda hadi ghorofa ya tatu kwa Bibi Freha. Bibi alipika samaki wa pilipili nyekundu huku akiimba, naye Reut akifagia. Ijumaa hii bibi hakuimba. Alikatakata vitunguu kana kwamba vimemtukana.

"Mjomba wako Avner anataka nihame," alisema. "Kapata wapangaji wanafunzi. Mimi eti niende nyumba ya wazee nikacheze karata!"

Reut alikijua kisa chote. Mjomba Avner alikuwa na nyumba yake tayari, na anayenunua ya pili hutozwa kodi kubwa ya ununuzi. Kwa hiyo alipoinunua hii anayokaa bibi, aliiandikisha kwa jina la mama yake, ambaye hakuwahi kumiliki hata kibanda, na kodi ikapungua. "Sahihi tu, mama," alimbembeleza, "nawe utakaa humo mpaka uchoke." Bibi akatia sahihi.

Hasira zilimpanda Reut. "Bibi, kwa serikali nyumba si yako? Tubadilishe kitasa! Na akija, abaki nje hukohuko!"

"Subiri. Leo atanikoma."

Jioni Mjomba Avner alikuja kula chakula cha Sabato. Mishumaa ikawashwa na baraka ya divai ikasomwa. Bibi akapakua samaki. Sahani ya Avner ikabaki tupu.

"Mama, umenisahau?"

"Nikusahau wewe? Mgeni anayetaka kunifukuza kwangu simpi samaki."

"Kwako? Mama, acha utani. Nyumba hii ni jasho langu!"

"Loo! Mbona uliapa mbele ya wakili kuwa ni yangu? Haya, chagua: uliongopa siku ile, au unaongopa leo?"

Avner aliisukuma sahani yake tupu. Reut alisikia utamu moyoni. Umepatikana, mjomba!

"Mfukuze, bibi!" alidakia. "Mnyang'anye kabisa!"

Bibi aliweka mwiko chini. "Nilikuwa nimepania hivyo hasa," alisema. "Lakini nikiichukua, nitakuwa nakula uongo uleule. Na sahihi ni yangu." Akamgeukia mwanawe. "Jumapili, ofisi zikifunguliwa baada ya Sabato, tunakwenda ofisi ya kodi. Utasema kweli, utalipa kodi yote na faini. Halafu wakili ataniandikia mkataba wa kukaa humu hadi nife."

"Mama, faini itaniua!"

"Haikuui. Mimi nimezaa saba na sikufa."

Jumapili walikwenda, na Reut akaomba kufuatana nao ili amwone mjomba akiumbuka. Kweli aliumbuka. Baadaye ilimbidi auze gari lake ndipo deni likaisha. Lakini siku ile afisa alimgeukia bibi pia: "Na wewe, mama, mtu mzima, ulitia sahihi uongo?" Bibi aliinamisha kichwa. Ile raha yote ikamtoka Reut.

"Angalau tumemkomoa, bibi," alisema walipokuwa njiani, kwa sauti ndogo.

"Tumemkomoa, na nimefurahi, sikufichi. Lakini umeniona nilivyosimama pale? Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, na aliyemsindikiza hufika mwisho wake pamoja naye. Siku mtu akikwambia 'sahihi tu', hata akiwa ndugu yako wa damu, weka kalamu chini."