Mashine Iliyopimwa kwa Futi ya Mama

Nianze kwa kukiri. Mashine yetu ya kuchonga haikuwa na namba mbaya siku ilipofika. Namba niliiharibu mimi, mwenye diploma ya umeme iliyotundikwa sebuleni.

Kwetu karakana ni chumba cha mbele. Mke wangu ni mchonga vibao. Asubuhi anafungua dirisha, anafagia maranda ya jana, halafu patasi inaanza, tok, tok, tok, mpaka saa ya chai. Mimi niko konani natengeneza redio na pasi, na kutoa maoni ambayo sijaombwa. Tumeishi hivyo miaka kumi na tisa.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Daktari akamfunga bandeji kwenye kifundo na kumwambia aupumzishe, la sivyo utakuja kushindwa hata kushika kijiko. Wakati huo alikuwa ameshakubali kazi ya vibao ishirini vya milango, kwa shule ya watoto wasioona. Herufi ziinuke, mtoto apapase kwa vidole ajue hapa ni darasani, hapa ni chooni. Fremu za kuingizia vibao zilishafungwa milangoni. Kila kibao kiwe na urefu wa milimita mia mbili, na shule inafunguliwa baada ya wiki mbili.

Ndipo tukanunua mashine ndogo ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayofuata amri za kompyuta. Ilikuja vipandevipande kwenye boksi. Niliiunga siku mbili, nikaweka kwenye kompyuta programu ya kuiendesha. Kila mke wangu aliposogea nilimwambia asiguse, kazi hii inataka elimu.

Nilikuwa nimesoma kwamba mashine mpya lazima ipimwe. Nikaiamuru isogee kulia milimita mia moja. Mke wangu akaniletea rula yake ya chuma. Nikamwambia hiyo ni ya kuchorea mistari. Mimi nikatoa futi ya kitambaa ya marehemu mama yangu, aliyekuwa mshonaji, na hakuna suruali yake iliyowahi kumbana mtu. Futi ikasoma tisini na nane. Basi mashine inapunja, nikasema. Nikafungua programu, nikaitoa namba ya mwendo wake kwenye themanini nikaipandisha hadi themanini na moja nukta sita.

Kibao cha kwanza kilitoka kinapendeza. Shule ilikuwa imetuachia fremu moja ya kujaribia. Hakikuingia. Cha pili hakikuingia. Cha tatu nikakisukuma kwa ngumi, fremu ikapasuka pembeni, ikabidi niiunge kwa gundi. Siku tano zikaisha hivyo, na mbao zikapungua.

Mke wangu hakugomba. Alitoa patasi kwenye droo, akaanza kufungua bandeji.

"Kesho nachonga mwenyewe, Baba Pacha," alisema. "Watoto wanakuja, vibao hakuna."

"Na mkono?"

"Mkono ni wangu."

Afadhali angegomba. Nilitoka nikaenda nyumba ya tatu, kwa Dada Kalipa. Yeye ni mkereza vyuma kiwandani, na jina hilo amelipata kwa sababu haachi kutembea na kalipa mfukoni, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili zinazobana kitu unachopima. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Akavaa viatu bila kuuliza mengi.

Alipofika hakugusa kompyuta. Alichomoa waya wa umeme kwanza, akaisukuma mashine kwa mkono, kulia, kushoto. Ikacheza.

"Shemeji, mkanda huu umelegea kama kamba ya kuanikia nguo," akasema. "Kaza kwanza. Halafu nyoosha. Namba ni za mwisho."

Tukakaza mkanda na skrubu za vigurudumu vinavyobeba kichwa cha mashine. Kisha akapima fremu ya mashine kutoka pembe hadi pembe, akarudia kwa pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili hivyo vinatakiwa kulingana. Vyetu vilipishana milimita tatu, maana yake fremu imekaa mshazari. Tukalegeza bolti, tukaisogeza, tukapima tena, tukakaza. Jasho lilinitoka, na wao wanawake wawili wakaongea habari za bei ya vitunguu kama mimi sipo.

Ndipo akairudisha mashine kwenye umeme. Mahali pa kisu akafunga kalamu yenye ncha kali, na juu ya ubao akabandika karatasi.

"Mota haijui milimita," alitueleza. "Inajua hatua tu. Ile namba kwenye programu ndiyo inayoiambia ipige hatua ngapi kwa milimita moja. Ukiipa namba ya uongo, itaifuata hiyo hiyo kwa utiifu."

Akaamuru milimita mia moja. Kalamu ilitia alama mbili, naye akapima kati yake kwa kalipa. Alirudia mara tatu, kila mara akiianza mashine kutoka upande uleule, ili mlegeo mdogo uliobaki usimdanganye. Mara zote tatu ilikuwa mia moja na mbili. Haikuwa ikipunja, ilikuwa ikizidisha. Kibao cha mia mbili kilitoka na mia mbili na nne, sasa kitaingiaje.

Hesabu yake ni nyepesi, iandike ukutani: chukua namba iliyopo, zidisha kwa umbali ulioamuru, gawanya kwa umbali uliopima. Themanini na moja nukta sita, mara mia, gawanya kwa mia moja na mbili. Jibu likawa themanini, akaliandika kwenye programu.

"Kabla hujaigusa ilikuwa ngapi?" akaniuliza.

Nikaangalia dari. Mke wangu akajibu kwa niaba yangu.

Dada Kalipa akaomba futi yangu, akailaza kando ya rula ya chuma, ileile niliyoikataa. Kitambaa kilikuwa kimevutika miaka na miaka. Mia yake ilikuwa mia moja na mbili.

Nikasema mbona mama hakuwahi kukosea. Akanijibu kwa upole kwamba mama alipima mtu kwa futi hii, akakata kitambaa kwa futi hii hii, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Mimi ndiye niliyeichanganya na milimita za mashine.

Tukavaa miwani. Mke wangu akakunja mikono ya gauni, akabana ubao kwa vibano, akaonyeshwa kitufe chekundu cha kusimamisha. Kisha Dada Kalipa akampa yeye kompyuta, akisema mwenye kujua mbao ndiye aendeshe. Mke wangu akaipitisha mara moja hewani, kisu kikiwa juu, halafu ndipo akachonga.

Kibao kiliteleza kwenye fremu kikatulia. Mke wangu akafumba macho, akapapasa herufi kwa mkono wa kushoto, polepole.

"Darasa," akasoma. Patasi akairudisha kwenye droo.

Vibao ishirini vilikamilika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Bandeji bado iko mkononi, ila vidole vimeanza kupata hisia. Futi ya mama nimeitundika karibu na diploma. Jana mke wangu na Dada Kalipa walikuwa wameinamia mashine, wanaanza kazi mpya, nami nikasogea taratibu kwa nyuma.

"Jamani, leo naomba nibonyeze mimi. Mara moja tu."