Basi la Saa Saba

Apolonia wa Kilolo alijua kusoma akiwa na miaka arobaini na minne. Alihudhuria kisomo cha watu wazima kila jioni, udongo wa shambani ukiwa bado miguuni. Mwaka 1975 alifaulu mtihani, akapewa cheti. Tangu hapo majirani wote walimletea barua zao awasomee. Mumewe, Marcelino, hakwenda darasani. Alisema macho yake yamezoea mianzi, hayatazoea herufi.

Mwaka uliofuata, kabla ya Pasaka, ikaja barua kutoka Mbalizi, mbele kidogo ya mji wa Mbeya. Ilikuwa ya binti yao Juliana, aliyeolewa huko na fundi wa magari aitwaye Isakwisa. Juliana alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto angebatizwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, naye angeitwa Apolonia kama bibi yake. Aliwaomba wafike Ijumaa. Isakwisa angewapokea stendi.

Apolonia aliisoma barua ile mara nne. Yeye na mumewe hawakuwahi kusafiri kupita Iringa mjini.

Walifungasha kwa siku tatu. Apolonia aliandaa gunia la viazi, kapu la maharage na kuku wawili. Marcelino akachukua dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, zawadi ya mkwewe. Alilijaza mpaka shingoni. Kisha akakaza mfuniko kwa nguvu zake zote ili ulanzi usimwagike hata tone.

Alhamisi walipanda lori mpaka Iringa, wakafikia Mlandege kwa Lusia, dada yake Marcelino. Mchana wakaenda kukata tiketi. Foleni ilikuwa ndefu. Apolonia alipopewa tiketi aliisoma kwa sauti, walio nyuma yake nao wasikie. Karani alitaka kumweleza jambo, lakini Apolonia alimwambia kwamba ameshasoma. Pale palikuwa pameandikwa: Kuondoka 7.00.

Basi, Ijumaa hawakuwa na haraka. Lusia aliondoka mapema kwenda sokoni. Wao wakanywa uji, Marcelino akanyoa ndevu, na saa nne na nusu walikuwa stendi. Walijisifu kwa kuwahi kiasi kile. Wakakaa juu ya mizigo yao.

Saa saba ikafika, ikapita. Basi halikuonekana. Marcelino alimsihi mkewe akaulize. Apolonia alikataa. Aulize nini, naye tiketi anayo mkononi na kusoma anajua?

Jirani nao alikuwepo Tusekile, mama wa Kinyakyusa aliyeuza chai pale stendi kwa miaka mingi. Alikuwa akilitazama lile dumu. Jua lilikuwa limelipata sawasawa, nalo lilikuwa limevimba pande zote. Akawaendea, akawasalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kisha akamwambia Marcelino alegeze mfuniko polepole.

Marcelino hakusikia lile neno la mwisho. Akaufungua mara moja. Ulanzi ukaruka juu, ukamlowesha kofia, shati na kuku mmoja. Watu wa stendi wakacheka, na Marcelino naye akacheka huku akijifuta uso.

Tusekile aliwaeleza kwamba ulanzi hauachi kuchacha ukiwa njiani. Dumu lisijazwe, lipungue vidole vinne, na mfuniko ulegezwe upate kupumua. Amewahi kuona dumu likipasuka juu ya basi na kulowesha nguo za harusi za watu.

Kisha akawauliza wanakwenda wapi. Apolonia akampa tiketi. Tusekile aliitazama.

"Mama, basi hili limeondoka saa moja asubuhi."

"Imeandikwa saba," Apolonia alisema.

"Ni saba kweli. Lakini saa ya kwenye tiketi ni ya Kizungu. Wao wanahesabu kuanzia katikati ya usiku. Sisi tunahesabu kuanzia kunapokucha. Ukiona saba, toa sita. Inabaki ngapi?"

"Moja."

"Ndiyo saa moja asubuhi. Na namba ikiwa ndogo, kutoa sita haiwezekani, ongeza sita. Mbili ya mchana inakuwa nane."

Apolonia alikaa juu ya gunia. Akilini alimwona Isakwisa akisimama stendi ya Mbalizi na kutazama kila abiria anayeshuka. Alimwona Juliana na mtoto wake mgongoni, chakula kimepoa. Machozi yakamlenga. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimejifanya msomi."

"Umesoma vizuri, mama," alisema Tusekile. "Hukuuliza tu. Hata mimi niliyezeeka hapa stendi, nikisafiri namuuliza karani: saa ngapi, asubuhi au mchana, na nifike saa ngapi."

Akawapeleka dirishani. Nafasi za Jumamosi zilikuwepo, na karani akabadilisha siku kwenye tiketi zao. Safari hii Apolonia aliuliza yote matatu. Karani alijibu kwamba basi litaondoka saa moja asubuhi, nao wawepo saa kumi na mbili na nusu.

Bado wenyeji wa Mbalizi hawakuwa na habari. Tusekile akawaelekeza posta wakapige simu ya maandishi, yaani telegramu. Bahati nzuri Apolonia alikuwa ameibeba barua ya Juliana, na ndani yake kulikuwa na anwani. Marcelino alitaka waandike salamu za ukoo mzima. Karani wa posta akawashauri wafupishe, kwani kila neno hulipiwa. Wakaandika: TUMEACHWA NA BASI. TUNAFIKA JUMAMOSI. WAZIMA.

Waliporudi kuchukua mizigo, Tusekile alikuwa na vipande vya boksi na kalamu. Magunia ya viazi yanafanana, alisema. Apolonia akaandika jina lake na mahali pa kushuka, akafunga kipande kwenye kila mzigo.

Kesho yake waliondoka na basi, ulanzi umepunguzwa na kulegezwa. Makambako, abiria mmoja alishusha gunia lao akidhani ni lake. Apolonia alimwonyesha kile kipande. Yule bwana alisoma, akaomba radhi, na gunia likarudishwa juu.

Mbalizi walimkuta Isakwisa stendi, karatasi ya posta iko mfukoni. Alisema jana alirudi nyumbani na mawazo, mpaka karatasi ile ilipofika, ndipo Juliana akapata usingizi. Jumapili mtoto akabatizwa. Bibi yake alimshika mbele ya padri, na mtoto hakulia.

Siku moja kabla ya kurudi walikata tiketi Mbeya. Palikuwa pameandikwa 8.00. Apolonia akampa Marcelino, ambaye namba alizijua kutokana na noti. Mzee alikunjua vidole, akahesabu, akarudia tena.

"Saa mbili," alisema.

"Asubuhi au mchana?"

Marcelino akasogea mwenyewe dirishani kumuuliza karani. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kesho yake walifika stendi saa moja, wakapata viti vya mbele, na njia nzima Marcelino alisoma namba za mawe ya umbali kando ya barabara kwa sauti, mpaka wenzake ndani ya basi wakaanza kumsaidia.

Jumatatu iliyofuata, darasa la kisomo la Kilolo lilipata mwanafunzi mpya. Alikuwa amewahi kuliko wote.