Mtu wa Kijivu Nyuma ya Gari

Gari la Muhindo lilianza kumwona mtu wiki ile Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi.

Lilikuwa gari kuukuu lililoingia Lubumbashi kupitia mpaka wa Mokambo, lenye kamera mbele na nyuma na skrini inayochora kila kilicho karibu: lori kama sanduku, mtu kama kivuli cha kijivu chenye miguu. Sasa kivuli kimoja kilisimama nyuma ya buti hata uani, geti likiwa limefungwa.

"Iko muntu nyuma," Céline alimwambia mumewe.

"Hakuna muntu, Mama Dorcelle. Ni capteur, ile macho ya gari. Vumbi."

Siku hizo kwa Muhindo kila kitu kilikuwa vumbi. Mdogo wake Édouard alipigwa risasi akitafuta gari la kumtoa Goma, akazikwa na watu asiowajua. Muhindo alikataa matanga, maana kulia kungekuwa kukubali.

Fundi alifuta kamera. Pasta Sylvain akamkemea pepo kwa Kifaransa, akazipaka kamera mafuta ya mzeituni. Mafuta yakatia ukungu. Yule mtu akaonekana mnene zaidi, basi.

Kisha mtoto wao Dorcelle akapata degedege la malaria, mchana wa mvua. Hospitali iko ng'ambo ya mto Naviundu. Céline alimpakata siti ya mbele.

Penye daraja gari likafunga breki lenyewe. Muhindo akakanyaga mafuta, likafunga tena, na kwenye skrini kivuli hakikuwa tena nyuma bali mbele, kimeegemea boneti, na alama nyekundu zikapiga kelele, na hewa ikaleta harufu ya mawe ya volkano yaliyonyeshewa, mawe meusi ya Goma ambayo Lubumbashi haina, na daraja machoni pao lilikuwa tupu, hata mbuzi hapana, na mtoto akawa anakoroma kama mzee.

"Zima hiyo machine!"

"Nimeshazima," Muhindo alinong'ona.

Céline alikuwa amechoka. Kwao Kabalo, ukivuka mto na maiti, unamwambia kwamba mnavuka, asije akabaki. Akashusha kioo.

"Shemeji Édouard. Ulikufa. Hatukukulilia, utusamehe. Mutoto iko mugonjwa, tunavuka. Panda, twende."

"Unasema na nani?"

"Na mudogo yako. Nyamaza."

Kivuli kikatoweka. Breki zikaachia. Halafu sauti nyingine ikaanza, ti, ti, ti, na taa ikawaka: siti iliyo nyuma ya Muhindo, abiria hajafunga mkanda.

"Usiangalie," Muhindo alisema, machozi yakimtoka, hatimaye.

"Nani anaangalia? Endesha."

Céline akageuka nusu, akauvuta mkanda juu ya siti tupu, akauchomeka. Kelele ikakatika.

Dorcelle alipona. Matanga wakayafanya, na viti vya kukodi. Lakini hadi leo, kabla ya safari yoyote, Céline huufunga kwanza mkanda ule, nao chini ya kiganja chake hupanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyekimbia sana.