Gia-Tambuzi ya Mzee Ambakisye

Gia-tambuzi ilikuwa bado juu ya meza ya chakula, haijafungwa kwenye gari lolote, lakini Atuganile alipoishika tu ikamwambia kwa sauti ya upole kwamba hakulala vya kutosha. Ilisoma kiganja. Ndani ya kichwa chake cha duara mlikuwa na vihisio vyembamba kuliko unywele, na akili unde iliyopima mapigo ya damu na nguvu ya vidole kabla dereva hajaingiza gia. Isiporidhika, hata ungeipigia magoti, gari halikuondoka.

Atuganile ndiye aliyeibuni. Wakati huo karibu magari yote ya Mbeya yalijiendesha yenyewe, kimya kabisa. Yaliyobaki na klachi yalikuwa ya wazee wakaidi, na Jiji lilikuwa limeamuru yafungwe gia-tambuzi, la sivyo yasagwe. Tena tusidanganyane, kifaa kile kiliokoa watu. Tangu kianze kutumika, mteremko wa Iwambi haukuwa umeua mtu.

Baba yake, Mzee Ambakisye, alikuwa mmoja wa wakaidi hao, na alikuwa na sababu. Mkewe, Mama Subilaga, alikuwa kipofu. Kila Jumapili baada ya ibada mzee alimzungusha mjini kwa gari lake, na mama alijua walipo kwa kusikiliza gia. Ya pili ikilalamika, wanapanda Mafiati. Injini ikitulia, wamefika Kabwe. Kwenye gari linalojiendesha alikaa kama mzigo, akashuka akiuliza ameletwa wapi.

Ndiyo maana Atuganile alikuja kuifunga mwenyewe, uani kwa wazazi wake. Baba hakutaka fundi wa gereji aliguse gari lile.

"Taratibu na hiyo ngozi," mzee alimwambia, binti yake alipokuwa akivua mfuko uliofunika shina la gia. "Mama yako ndiye aliyeishona."

"Naiona, baba."

Alichomoa pini, akatoa mkono wa zamani wa gia, akafuta grisi iliyoganda na kubadilisha bushi zilizolika. Baba alikuwa akimpa spana. Moja ilimdondoka, kisha nyingine.

"Uzee huo, mzee wangu," Atuganile akamtania.

Baba hakucheka.

Kazi ilipokwisha, Mama Subilaga aliletwa na kitenge chake kipya, akakaa kiti cha mbele. Mzee akashika usukani na kuweka mkono kwenye gia.

"Samahani," gia ikasema. "Mkono huu hauna hisia. Gari haliwezi kuondoka."

Akajaribu tena. Ikarudia yaleyale, kwa upole uleule.

"Baba Atu, inasema nini hiyo?" mama akauliza.

Mzee akauondoa mkono, akasema, "Inasema kweli. Vidole vyangu vimekufa ganzi tangu masika. Nimekuwa nikiangalia kwa macho kama nimeishika."

Njia ya kuidanganya gia ilikuwepo, naye aliijua, maana ndiye aliyewazibia wengine. Baba yake akamgeukia.

"Unaweza kuifungua?"

"Naweza, baba."

Mzee akamtazama mkewe aliyekuwa akingoja safari, mikono magotini.

"Usifungue," akasema. "Nimembeba mama yako humu na vidole vilivyokufa." Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaketi mahali ambapo hakuwahi kukaa. "Endesha wewe."

"Baba, mimi sijui klachi."

"Ajabu ya Firauni!" mama akasema. "Umetengeneza gia na kuendesha hujui?"

Hakujua. Wahandisi wote wa kitengo chake walikuwa hawajui. Gia waliipima maabara, ikishikwa na mikono ya bandia. Mganga hajigangi, lakini hawa hawakuwa wamewahi hata kuumwa.

Gia ikamkumbusha usingizi wake, lakini ikamkubali. Baba akamwelekeza kutoka nyuma: kanyaga, ingiza, achia polepole. Gari likaruka kama chura, likazima, likaruka tena, hatimaye likaingia barabarani. Walipoanza kupanda kilima, Atuganile akachelewa kubadilisha, injini ikapiga kelele.

Mama Subilaga aligeuza kichwa huku na huku. Kitenge alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili.

"Tuko wapi?"

"Tunapanda Mafiati, mama."

"Hapana. Mafiati naijua."

"Ndiyo yenyewe, mama yangu. Ni mimi tu, sijui kubadilisha."

"Kumbe sikuwa naijua njia," mama akasema. "Nilikuwa naujua mkono wa baba yenu."

Machozi yakamtoka Atuganile, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Nyuma, Mzee Ambakisye akainama mbele. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kuongea garini. Alizoea kuiacha injini iseme. Akanyoosha mkono, akamshika mkewe bega.

"Mama Atu, kushoto kwako kuna muuza maua, ana yale meupe unayoyapenda. Mbele pale watoto wanavuka, wametoka kanisani. Sasa tunafika juu." Akautazama mkono wake begani. "Sijui nakubana kiasi gani."

"Unanibana sana," mama akasema. "Usiachie. Haya, baada ya watoto kuna nini?"