Namba ya Uzi wa Picha

Taa ndogo ya kijani kwenye mashine ya joto ilikuwa ikipepesa polepole. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeacha shule darasa la tano, na kila asubuhi nilifagia chumba cha watoto njiti katika kliniki ya mtaa wetu, Bengaluru. Siku zote taa ile ilipepesa upesi upesi.

Mashine hiyo, wanamolazwa watoto njiti, aliiunda kaka yangu, Raghavendra. Ubongo wa mashine ulikuwa mmoja, ukifanya kazi mbili kwa zamu. Kazi hizo mafundi huziita nyuzi. Uzi mmoja ulichora picha ya maua kwenye kioo. Wa pili ulipima joto la mtoto na kuwasha hita, na kila ulipopata zamu taa ya kijani ilipepesa. Programu iliupa kila uzi namba: namba kubwa, zamu nyingi.

Ghafla nesi Bhargavi akapiga kelele. "Raghu! Mtoto ni wa baridi kama chuma! Mashine yako kazi yake kuchora maua tu?"

Akamtoa mtoto, akamlaza kifuani pa mama yake, Shivamma.

"Pumua, mwanangu," Shivamma alilia. "Pumua basi."

"Ni mdogo mno, joto la kifua halitamtosha," nesi alisema. "Na mashine ni hiyo moja. Fanya haraka!"

Kaka alifungua hita, akaifunga, akaifungua tena. "Nyaya nzima, hita nzima. Sioni kosa! Sioni!"

Nikamvuta shati.

"Si sasa, Nagaveni!"

"Kaka, namba ya picha. Jana niliipandisha ikawa saba."

Jana wageni walikuja, picha ikakwamakwama, wakamcheka kaka. Kaka alikuwa amenionyesha zile namba. Nilitaka picha iteleze, kisha nikasahau kuirudisha.

Kaka alirukia kibodi. Akaishusha picha hadi mbili, akaupandisha uzi wa joto. Hita ikaamka, taa ikapepesa upesi. Mtoto akarudishwa ndani. Tulisimama tukimtazama muda mrefu. Hatimaye akalia. Shivamma akaketi sakafuni.

"Mwizi wa zamu wewe," nesi aliniambia, akijifuta machozi.

Kaka akanishika bega. "Na mimi nimekosa, sikuzifungia namba zile. Lakini sikia, mdogo wangu: ukikosea sema papo hapo, hata sauti ikitetemeka. Leo umewahi kusema, ndiyo maana mtoto analia."

Alinisifu hivyo mbele ya wote. Nami nimenyamaza miaka tisa.

Sikuwahi, kaka. Taa niliiona, nikajua, nikaendelea kufagia.